Mikono ya Ukutani

Kindu, 11 Mei 2025

Mwalimu Josias, ndugu yangu,

Salaam kutoka kwa kiziwi. Mama tumemzika juma lililopita, baada ya sala ya adhuhuri. Nilimkuta bado anapumua. Alinitambua, akanishika masikio yote mawili, akauliza yamekwenda wapi. Ndugu yangu Shukuru aliniandikia swali lile kiganjani, nami nikajibu kwamba nimeyaacha kwenye mashine ya kusaga chuma, Ndosho kule Goma. Akacheka. Kicheko chake cha mwisho nilikiona, kukisikia sikukisikia.

Naandika kwa sababu simu kwangu ni taa tu. Binti yangu Ramla ananipigia kwa picha, naona midomo yake inacheza, namwitikia ndiyo kwa kila kitu. Siku moja nitagundua nimemwoza bila kujua.

Sasa nisikilize. Shukuru ana duka la vyuma karibu na kituo cha gari moshi. Amenitengea upande mmoja: meza, mashine, na chumba nyuma chenye mlango wangu mwenyewe. Anasema, kaa Yuma, utatembea na nyundo begani mpaka lini? Huku hakuna anayejua petanki, wala kwa nini watu wazima watupe vyuma kulenga kimpira cha mti. Wakiona mipira yangu ya chuma wanauliza kama ni ya kusagia mihogo. Nitatengeneza makufuli na majembe, nitakula samaki wa mto, nitazeeka.

Lakini mwaka huu ndio klabu inabadilisha mipira, ambayo mimi huwatafutia na kuwapimia, na ile mliyonayo najua imechoka, maana nilikuwa naiangalia mkitupa. Kwa hiyo nakuuliza wewe, si Paulin, kwa maana Paulin ni mfanyabiashara na wewe ni katibu: mnanisubiri au hamnisubiri? Mkinisubiri, nitarudi baada ya arobaini ya mama. Kama hamnisubiri, uniambie wazi, nitakaa. Njia ile si ya kupita mara mbili kwa kubahatisha. Tulipokuja lori lilikwama porini kabla ya Kisangani, tukalisukuma kama wafungwa, na mguu wangu wa kushoto umevimba tangu siku ile.

Umsalimie mama Domitille. Mwambie asitupe kwa hasira.

Yuma, fundi wenu

*

Goma, Murara, tarehe 2 Juni 2025

Ndugu yangu Yuma,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa Butembo, ina alama ya kikombe cha chai mgongoni. Pole kwa mama. Jumapili nilimtajia jina lake padri, naye akalisoma pamoja na marehemu wetu bila kuuliza alikuwa wa dini gani.

Umeuliza swali ambalo, nilipokuwa na darasa, niliwafundisha watoto kwamba hujibiwa kwa neno moja. Basi neno ni hili: tunakusubiri.

Hapa tunaishi kama ulivyotuacha. Benki bado zimefungwa tangu vita, ndege haziji, uwanja wetu wa kuchezea bado una yale mawe madogo ya volkeno ambayo kila mvua inayaleta upya. Benchi lako la mbele ya duka lipo. Mimi ndiye ninayelikalia zaidi. Nikikaa pale nakumbuka nilivyofika nimekimbia kutoka Vitshumbi, kule ziwani, harufu ya samaki bado iko ndani ya koti langu. Kila mtu Goma alikuwa ananiuliza nitarudi lini. Wewe hukuuliza. Ulinishika mkono, ukaubandika ukutani, ukauchora kwa mkaa kidole kwa kidole, ukaandika vipimo pembeni. Kisha ukaniazima mipira ya padri mmoja aliyekuwa amerudi kwao, ukaniambia nicheze nayo huku unanitazama. Kila jioni nilikuuliza kama nichukue ile, ukasema "bado". Siku uliyosema "chukua" ndiyo siku niliyojua kwamba nimekuwa mkaaji wa mji huu.

Juzi nilipita dukani. Ramla mzima. Niliutazama ukuta wa mikono kwa muda mrefu. Mkono wangu upo mara tatu, mmoja ndani ya mwingine, kila mara umeuchora upya kwa sababu ya vifundo vinavyovimba. Sijui mahali pengine palipoandikwa uzee wangu kwa usahihi namna ile.

Utunze mguu.

Josias

*

Ndosho, le 19 juin 2025

Papa Josias,

Jambo Papa. Ningekuja mwenyewe huko Murara, lakini nikikuona nitasema maneno ambayo mutoto hamuambii muzee. Kwenye karatasi nitaweza kuyapima.

Mwezi uliopita ulikuja dukani na rula na kalamu. Ulisema unaandika vipimo vya mikono yote ya klabu umutumie papa, apate kujua atatafuta mipira gani akirudi. Nilikushikia kiti upande juu, kwa sababu mukono wa papa Paulin uko karibu na dari. Nilikupikia chai. Ulikunywa ukasema iko na tangawizi nzuri.

Jana nilipita uwanjani nikaona mipira mipya inaangaza kama sahani za arusi. Mama Domitille aliniita: "Ramla, kuja ushike. Tumeiagiza ku simu, imepita Kigali, imevuka mupaka na koli za papa Paulin, mizigo yake ya biashara. Inaingia mukono kama imezaliwa nao."

Nilishika. Ni kweli, inaingia mukono. Na mimi najua imezaliwa wapi.

Papa haniambii yote, lakini naona anajiandaa kurudi. Sitamwandikia mimi. Utamwandikia wewe. Kama si hivyo, siku atashuka na mufuko wake mbele ya duka, ni wewe utakuwa umekaa pale kwenye benchi.

Ramla

*

Murara, 21 Juni 2025

Binti yangu Ramla,

Umepima maneno vizuri kuliko mimi.

Siku ile ya chai nilikuwa nimeshaagizwa na komiti nilete vipimo, lakini mipira ilikuwa bado haijaagizwa, na nilifikiri huenda baba yako akarudi kabla, na kwa hiyo nilichokuambia hakikuwa... La. Acha nianze tena. Nilikudanganya.

Wenzetu wa Gisenyi walikuwa wametualika kwa mashindano. Paulin alituonyesha simu yake: mipira ya kila unene, ya kila uzito, picha zake zinazunguka zenyewe. Chini palikuwa na maelezo namna ya kupima mkono wako kwa kamba. Kila mmoja wetu alijaribu na kila mmoja akapata namba tofauti kila alipojaribu. Ndipo Paulin akasema, "Lakini Mwalimu, vipimo si viko kwa Yuma?" Watu wote walinitazama. Mimi ndiye ambaye wewe usingemfungia mlango.

Arobaini ya bibi yako ndiyo kwanza imepita; nipe muda mpaka wageni watawanyike. Si vizuri mtu apate habari kama hii akiwa kwenye matanga. Najua unachofikiri unaposoma sentensi hiyo. Nami ndicho ninachofikiri.

Josias

*

Kindu, 24 Juni 2025

Mwalimu wangu,

"Tunakusubiri." Nimelisoma neno hilo nikampa Shukuru alisome, akampa mkewe, na sasa hata watoto wa nyumba hii wanalisema wakinipita: tunakusubiri, babu kiziwi. Nadhani wanalisema kwa sauti, maana midomo inafunguka sana.

Nimemwambia Shukuru hapana. Nilimwambia mbele ya watu waliokuja kwa arobaini, ili nisije nikageuka. Hakukasirika, ila aliweka kofia yake mezani pale aliponitengea, kama mtu anayekumbuka kwamba meza ni yake. Aliniuliza kwa kuandika: "Mipira tu, Yuma?" Nikamwandikia chini yake: "Kuna ukuta wangu kule." Hakuelewa. Wewe unaelewa.

Nitapanda mashua mpaka Ubundu, kisha gari moshi la huko, mwisho wa Julai kama mguu utakubali. Sasa uvimbe umefika kwenye goti. Mganga wa hapa anataka nikae nimeunyoosha mpaka mvua zianze, lakini nimemwambia kuna watu wanaonisubiri huku wanacheza na mipira iliyokufa. Kule Kisangani kuna mtu mwenye mipira iliyoachwa na wafanyabiashara Wagiriki. Nitaipitia, nitaisafisha njiani.

Kazi yako ni moja: umshike Paulin. Yule akiona kitu kwenye simu anakuwa kama mbuzi aliyeona mlango wazi wa jikoni. Mwambie mipira ya kwanza nitamtafutia yeye, mikono yake ile ya kuhesabia magunia ina shida ya kupata saizi.

Nakuamini wewe.

Yuma

*

Goma, Murara, tarehe 16 Julai 2025

Yuma,

Barua hii nimeiandika mara mbili, moja kwa dereva wa Butembo na nyingine kwa mama mmoja anayepeleka vitenge Kisangani. Nimemwomba pia Ramla ampigie Shukuru akuambie neno moja tu: usitoke Kindu kabla barua haijafika. Habari yenyewe sikutaka ipite kinywani mwa mtu mwingine.

Hatukukusubiri. Nilipokuandikia kwamba tunakusubiri, mipira ilikuwa imekwisha kuagizwa. Iliagizwa kwa simu, ikapokelewa Kigali na mpwa wa Paulin, ikavuka mpaka. Usimlaumu Paulin. Mlango wa jikoni niliufungua mimi. Vipimo ni vyako. Nilivitoa ukutani kwako kwa rula, nikiwa nimesimama juu ya kiti alichonishikia binti yako, naye nilimwambia ni kazi yako ninayofanya.

Ungependa kujua kilichofuata, basi ukijue. Tuliagiza saizi tofauti lakini aina moja, laini, bila alama yoyote. Hakuna aliyekumbuka kwamba kila mpira uliowahi kutoka kwako ulikuwa na jina la mwenyewe limegongwa, maana hatukuwahi kuomba jina; lilikuwepo tu. Siku ya Gisenyi mipira minne ilikaa karibu na kile kimpira cha mti, na hakuna aliyejua ni ya nani. Paulin alisema ule wa karibu ni wake. Mama Domitille alisema wake anaujua hata gizani. Paulin akamwambia basi afumbe macho autafute tuone. Wenyeji walikaa chini wakaanza kula karanga. Siku ya pili, huku kwetu, Domitille alileta rangi ya kucha, akatupakia mipira kama kucha za maharusi: Paulin nyekundu, mimi zambarau. Mawe yetu yaliila rangi yote kabla ya saa sita.

Lakini sikuandikii hayo uone kwamba tumepata adhabu. Mipira ni mizuri, Yuma. Ningefurahi kama ingekuwa mibovu. Ningekuja kwako na kitu cha kulalamikia, tukakilalamikia pamoja. Wangu ni mwepesi kidogo kuliko ule wa padri, na kidole changu cha kati hakiumi tena. Nimeshinda mara nyingi kuliko mwaka wowote. Kila unapotoka mkononi vizuri najua ni nani aliyepima, na najua kwamba hakupata hata kikombe cha chai. Chai nilikunywa mimi.

Kuhusu neno lile. Swali lako lilikuwa wazi: kama hamnisubiri, nitakaa. Nililisoma, nikaona benchi tupu. Sikufikiria lori, wala mguu. Nilifikiri, akirudi tutaelewana, nitamweleza uso kwa uso, atanitukana, ataniazima kitu. Nilitaka urudi, na njia niliyoiona ya kukurudisha ilikuwa hiyo. Mtu aliyeacha ziwa nyuma yake haachi benchi kirahisi. Hiyo ni sababu, si udhuru. Tofauti ya maneno hayo nimeifundisha miaka mingi.

Kaa kwa Shukuru kama bado nafasi ipo. Kama haipo kwa sababu yangu, niambie, nimwandikie yeye mwenyewe kwamba ulikataa meza yake kwa uongo wa mtu mwingine.

Josias

*

Kindu, 10 Agosti 2025

Mwalimu,

Zimefika zote mbili, ya dereva na ya mama wa vitenge. Nilizisoma moja baada ya nyingine nione kama kuna mahali umejipunguzia kosa. Zinalingana. Umekuwa mwalimu mpaka hapo.

Mipira si kosa. Miwani ninayokusomea Shukuru aliiagiza kwa simu kutoka sijui wapi, na naona nayo kila neno, hata lile. Ungeng'oa ukuta wote ukauuza Kigali, kisha ukaniandikia "tumenunua, kaa", ningekutukana kwa lugha nne nikakusamehe kabla ya chakula. Ramla naye hununua mafuta ya nywele kwenye simu, na mwenye duka la mafuta ni jirani yetu. Dunia ndivyo inavyokwenda, mimi ni kiziwi, si kipofu.

Lakini ulinijibu kwa neno moja, nami nikalipeleka mbele ya matanga ya mama yangu nikalitumia kumkatalia ndugu yangu. Hilo nikikaa peke yangu nalishika, nalipima, sipati saizi yake.

Shukuru alinipa meza tena. Kofia yake imerudi upande wake, na mimi nafanya kazi upande wa pili tukiwa hatutazamani. Itachukua muda. Mguu unapungua kwa kuwa nimekaa. Nitabaki hapa, Mwalimu. Sikai kwa kukuadhibu. Nakaa kwa kuwa hilo ndilo ningelichagua tangu Mei.

Mwambie Ramla achukue lile kopo la maziwa chini ya mashine. Ndani kuna vyuma vya kugonga herufi. Agonge majina ya wote. Tangu akiwa mdogo herufi zake zinasimama wima kuliko zangu, mimi nilikuwa ninaona haya kusema. Na mipira ikishapata majina, wa kwanza autupe yeye kabla yenu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Akisema "bado", ni bado. Hata kwa Paulin. Hasa kwa Paulin.

Ukuta msiupake chokaa.

Ndani ya barua hii kuna karatasi. Ni mkono wangu. Nilichora mikono yenu wote miaka hii yote na wangu haupo pale, sijui kama uliwahi kuona. Ubandikwe karibu na wako. Ila nimeona jambo jana nikiuchora: mtu anaweza kujichorea mkono mmoja tu, ule usioshika mkaa. Kwa hiyo huu ni wa kushoto, hauna kazi, haujawahi kutupa chochote. Ule wa kulia lazima uchorwe na mwingine. Shukuru nilimwomba, akachora kitu kama mguu wa bata.

Yuma

*

Goma, Murara, tarehe 7 Septemba 2025

Yuma,

Karatasi nimeibandika kwa gundi ya unga, kama tulivyofanya ramani shuleni. Niliweka kiganja changu juu yake kabla haijakauka. Vidole vyako vinanipita.

Ramla alikuja uwanjani na kopo. Aliketi kwenye jiwe, akatuita mmoja mmoja kwa majina ya ubatizo. Paulin alitaka jina lake lote na la biashara yake, Ramla akamwambia, "Papa Paulin, huu ni mupira, si lori." Akamgongea herufi mbili. Mama Domitille alipewa yake, akaibusu. Kisha Ramla akatupa wa kwanza, kwa mkono wa chini kabisa, kama wewe. Ulikwenda ukalala ubavuni mwa kimpira cha mti bila kukigusa. Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani kila mtu alikuwa anatazama pembeni ya uwanja, mahali unaposimamaga.

Yangu aliishika mkononi muda mrefu, akairudisha haina jina. Alisema, "Bado, Papa." Nimeifunga kwenye kitambaa. Nacheza na ile ya padri, na kidole kinauma.

Nimeanza kuongea na madereva. Nimeuliza kuhusu Kisangani, kuhusu mashua, kuhusu gari moshi la Ubundu na siku linazopanda. Mmoja aliniuliza, "Muzee, unakimbia nini tena?" Nikamwambia safari hii sikimbii. Angèle mke wangu amesikia, na jana nimemkuta anashona kifungo cha koti langu.

Sitaandika hapa neno la kukuahidi lolote litakalokuwa. Neno la namna hiyo nimekwisha kukupa moja. Nakupa habari ya kitu kilichokwisha kufanyika tu: jana nilikwenda kwa mama anayeuza mkaa, nikachagua kipande kimoja, kirefu, kigumu, kisichovunjika, nikakiviringisha kwenye gazeti, nikakiweka katika mfuko wa ndani wa koti.

Josias